Bega la Mbuzi Lililokatwa Jikoni

Binti yangu wa pekee alipofikia kuolewa, tulikubaliana nyumbani kwamba sherehe ya mwisho ya kimila, ile ambayo sisi Wakikuyu tunaiita ngurario, ifanyike katika bustani ya kukodi upande wa Njoro. Nyumba yetu iko katika mtaa wa Free Area, kwenye ploti ndogo ambayo ukiegesha gari moja, mtu wa pili analazimika kuingia kwa ubavu. Mke wangu alisema tutafute mahali penye nyasi, hema na jiko, tuwaachie wenye kazi yao wafanye kazi yao. Nilikubali. Mimi hutengeneza mashine za kukamulia ng'ombe na pampu za maji katika mashamba ya Njoro na Elmenteita. Kazi hiyo nilijifunza kwa kusoma vitabu vya maelekezo na kufungua mashine zilizokufa, na imenizoesha kuamini kwamba ukieleza jambo kwa utaratibu, hatua kwa hatua, litafanyika. Kwa mashine imani hiyo haijawahi kuniangusha.

Ngurario ina mambo mengi, lakini kitovu chake ni kimoja. Mbuzi huletwa na upande wa mwanamume, akachinjwa, na bega lake la kulia likachomwa likiwa zima. Bwana harusi husimama mbele ya watu, akapewa kisu, akatafuta kiungo cha bega na kukikata bila kuuponda mfupa. Kisha humpa bibi harusi kipande cha kwanza. Akikila, ameolewa. Kabla ya hapo, hata kama wana watoto, wazee wetu huwahesabu kama watu wanaotakana tu. Mama yangu, ambaye anaishi nasi na ndiye aliyemlea binti yangu tulipokuwa kazini, alikuwa amesema mapema kwamba bila bega hatatoa baraka. Yeye harudii jambo. Akisema mara moja, imetosha.

Wakwe zetu ni Wakalenjin, wakulima na wafugaji wa mashamba ya juu, kuelekea Mau. Katika sehemu hizi zetu, ambako watu wetu na wao wamewahi kupigana, jambo hilo halisemwi kwa sauti wala halisahauliwi. Walikuwa wametupokea kwao kwanza, kwa desturi zao, tukanywa mursik, maziwa yao ya mgando, kutoka kwenye vibuyu hadi nikaambiwa nimekuwa mtu wa nyumbani. Siku hiyo baba wa kijana, mtu mrefu mwenye kofia ya kitambaa na sauti ya chini, alinivuta kando ya zizi.

“Mkwe,” akasema, “mimi nimeambiwa nyinyi mkishapewa mbuzi mnakumbuka ng'ombe. Mkishapewa ng'ombe mnakumbuka tangi la maji.”

Wazee wenzake wakacheka, nami nikacheka. Lakini nilimtazama machoni na nikaona kwamba nusu ya mzaha huo ilikuwa swali. Nikamjibu kwamba ngurario ndiyo siku ya mwisho. Bega likikatwa, hakuna mtu wa kwetu atakayewaita tena kwa jambo la mila. Alinishika mkono kwa ahadi hiyo.

Hivyo nilianza kutafuta mahali, na nilitafuta jinsi ninavyotafuta hitilafu katika pampu: kitu kimoja baada ya kingine. Nilianza na hoteli moja karibu na njia ya Kariandusi, yenye bustani inayolitazama ziwa kwa mbali. Nilisema moyoni kwamba kabla ya kuwakabidhi harusi, acha nione jinsi wanavyomhudumia mtu mmoja mwenye njaa. Nikaketi. Wahudumu walikuwa wamesimama pamoja kwenye kaunta, wakitazama kitu katika simu ya mmoja wao. Nikainua mkono. Msichana mmoja akaniona, akamgusa mwenzake, huyo akamgusa mwingine, na mwingine akarudi kutazama simu. Hatimaye yule wa kwanza akaja mwenyewe.

“Sasa boss. Utakula?”

“Mna nini?”

“Kila kitu.”

“Basi niletee samaki na ugali.”

“Samaki imeisha.”

“Kuku?”

“Kuku iko, lakini bado iko kwa friji.”

“Ni nini iko tayari?”

Akafikiri. “Chai.”

Nikanywa chai. Ilikuja bila sukari, sukari ikaja bila kijiko, na kijiko kilipofika chai ilikuwa baridi. Nililipa nikaondoka, na nilipokuwa nikitoka msichana huyo aliniaga kwa tabasamu zuri sana, la mtu ambaye hana habari kwamba kuna jambo lolote limeharibika.

Nimekula katika hoteli za eneo hili maisha yangu yote ya utu uzima, kwa sababu kazi yangu ni ya barabarani, na nimejaribu kuelewa kwa nini mambo huwa hivyo. Si uvivu peke yake. Wengi wa vijana hao huanza kazi alfajiri na kwenda kwao wakiwa wamevimba miguu. Nadhani shida ni kwamba wamefundishwa kuwa mteja asiambiwe hapana. Kwa hiyo wanakubali kila kitu, kwa adabu, halafu wanaliacha jiko likukatalie kwa niaba yao. Ukiuliza chakula kiko wapi, kinakuja. Ukiuliza tena, kiko njiani, kana kwamba jiko liko Gilgil. Hakuna anayekudanganya kwa nia mbaya. Lakini unabaki umekaa pale na njaa yako, ukiwa umekubaliwa kila kitu.

Bustani niliyoichagua mwishowe ilinishinda kwa macho. Nyasi zilikuwa zimekatwa vizuri, vyoo vilikuwa na maji na sabuni, tangi lilikuwa kubwa, na nyuma ya jiko palikuwa na choma ya matofali yenye wavu mpana. Nilipima wavu kwa mkono wangu nikaona mabega mawili yangeenea bila kusongana. Meneja alikuwa kijana mwenye tai na simu mbili, na alitukaribisha mimi na mke wangu katika ofisi iliyonukia rangi mpya.

“Mbuzi tutaleta wenyewe, siku moja mbele,” nilimwambia. “Mtawachinja asubuhi. Nyama nyingine pikeni mnavyotaka. Lakini mabega ya kulia yabaki mazima. Yachomwe yakiwa mazima na yaletwe mbele ya watu hivyo hivyo. Bwana harusi ndiye atakayekata.”

“Hiyo imeisha, mzee.”

“Imeisha vipi?”

“Namaanisha hakuna shida. Hesabu imefanyika.”

“Ningependa kuongea na mpishi mwenyewe.”

“Shefu ako off leo. Nitampatia hiyo stori.”

“Basi hebu niambie wewe nimesema nini, ndio nijue tumeelewana.”

Akacheka, akamwangalia mke wangu kama anayeomba msaada. “Mathe, huyu mzee ako na wasiwasi! Mabega, choma, mbele ya watu. Sisi tumefanya harusi za wabunge hapa.”

Nilisikia kwamba neno “mazima” halikuwamo katika maneno yake. Nikafungua kinywa niseme hivyo, lakini alikuwa tayari ametuwekea mbele karatasi ngumu yenye picha za vyakula, akamweleza mke wangu tofauti ya pakeji moja na nyingine. Mke wangu akachagua ile yenye pilau, kuku, mboga, na mbuzi wa karanga, yaani nyama iliyokatwa vipande ikakaangwa na nyanya na vitunguu. Nilimpigia meneja simu tena kabla ya sherehe nikarudia habari ya mabega, neno kwa neno. “Hakuna shida, mzee,” akasema, na nikasikia nyuma yake watu wakiburuta viti.

Baba wa kijana aliwaleta mbuzi mwenyewe kwa pikapu, alasiri ya siku iliyotangulia. Hakutaka kuwanunua sokoni. Alikuwa amewafuga tangu wakiwa wadogo, na alipowashusha alimpapasa mmoja mgongoni akaniambia, “Huyu mama yake alizaa mapacha kila mara.” Tukawafunga nyuma ya jiko. Nilimwonyesha mlinzi, nikamwonyesha na msichana aliyekuwa akiosha vyombo. Mpishi alikuwa ameenda sokoni.

Siku yenyewe ilianza kama zinavyoanza siku hizo. Hema lilikuwa limesimama na viti vimevalishwa vitambaa vyeupe, na nikatulia kidogo. Kisha mlinzi wa lango akamsimamisha mama yangu na kutaka kukagua kiondo chake, ambamo alikuwa amebeba kibuyu cha uji.

“Chakula ya nje hairuhusiwi, mathe.”

“Hiki si chakula. Ni dawa.”

“Dawa ya nini?”

“Ya maaskari.”

Wanawake waliokuwa nyuma yake wakaangua kicheko, na mlinzi, nimpe sifa yake, akacheka pia akafungua lango. Nataja hilo kwa sababu lilikuwa jambo la mwisho siku hiyo ambalo wafanyakazi wa bustani ile walilifanya vizuri.

Wakwe walifika wakiimba, tukawapokea kwa nyimbo zetu, na vinywaji vya kuwakaribisha havikuwapo. Vilikuwa vinakuja. Kipaza sauti kilikoroma kila wazee walipoanza kusema, kikanyamaza kila walipomaliza. Hayo yote nilivumilia. Wazee wa pande zote mbili waliongea kwa heshima, zawadi zikatolewa, binti yangu akafichwa kati ya wasichana waliofunikwa leso, akatambuliwa na bwana harusi bila kukosea. Kisha mshereheshaji akatangaza kwamba sasa wakati umefika, bega liletwe. Bwana harusi akasimama, akavua koti, akakunja mikono ya shati. Mezani palikuwa na ubao na kisu. Mama yangu alisogezwa mbele ili aone vizuri.

Wahudumu wakatoka jikoni kwa mstari, wakicheza kufuata muziki, kila mmoja amebeba hotpoti kubwa. Wakaziweka mezani, wakafunua vifuniko vyote kwa pamoja kama walivyofundishwa. Ndani mlikuwa na karanga. Vipande vilikuwa vya ukubwa mmoja, vimerashiwa majani ya dania, na juu ya kila hotpoti palikuwa na nyanya iliyochongwa kama ua.

Bwana harusi alibaki ameshika kisu.

Nilienda jikoni nikijilazimisha kutembea, nisikimbie. Mpishi alikuwa kijana nadhifu mwenye kofia ndefu, na alinitazama kama mtu anayesubiri kusifiwa.

“Mabega yako wapi?” nikamuuliza.

“Mabega ya nini, mzee?”

“Ya wale mbuzi. Ya kuchoma.”

“Wale mbuzi ni wa karanga. Pakeji yenu ni ya karanga.” Akanionyesha karatasi iliyobandikwa ukutani. Ilikuwa na jina la sherehe yetu na idadi ya sahani, na hakuna neno lingine. “Hata nimekata mwenyewe, mzee. Angalia vile vipande vinatoshana.”

Sikuweza kumkasirikia inavyostahili. Alikuwa amefanya kazi yake kwa uangalifu mkubwa. Hakuna mtu aliyekuwa amemwambia chochote. Nilikuja kujua baadaye kwamba meneja alikuwa amemwambia msimamizi wa zamu, msimamizi akaenda likizo, na kilichobaki ukutani ni kile ambacho karatasi yao ilikuwa na nafasi ya kukiandika.

Shemeji yangu, ndugu wa mke wangu, alikuwa amenifuata. Ni mtu ambaye hawezi kuona tatizo bila kulitia mkono. Akachukua mwiko, akaanza kuchokora sufuria kubwa lililobaki mekoni.

“Unatafuta nini?” nikamuuliza.

“Kiungo. Tukipata ule mfupa wa bega, tunaupangia nyama kando kando, tunapitisha kwa moto kidogo. Nani atajua?”

“Mimi nitajua,” ikasema sauti mlangoni. Mama yangu alikuwa amesimama pale na fimbo yake. Hakuna aliyejua alivyofika. “Mnataka nimwozeshe mjukuu wangu kutoka kwa sufuria?”

Shemeji yangu akarudisha mwiko polepole.

Meneja akafika akiwa na simu sikioni, akaikata, akasikiliza kwa muda mfupi, akasema, “Lakini mzee, nyama si ni nyama? Mbuzi ni wale wale. Kijana anaweza kukata kipande kimoja tu, watu wapige picha.” Nilipomkumbusha tulivyozungumza ofisini alisema anakumbuka vizuri sana kwamba nilitaka choma, na wangeweza kutuchomea soseji. Alikuwa tayari pia kutuongezea kreti za soda. Nilipogeuka nilimwona baba wa kijana amesimama uani, kofia mkononi, akizitazama ngozi za mbuzi wake zilizotundikwa kwenye ua.

“Mkwe,” akaniambia, kwa sauti ile ya chini. “Sasa mtasema turudi siku nyingine?”

Hakuna swali lililowahi kuniumiza namna ile. Kwa mila yetu jibu lilikuwa ndiyo: bila bega hakuna ngurario, na wakwe hurudi na mbuzi wengine. Lakini nikisema ndiyo, ningekuwa nimethibitisha kila kitu alichowahi kuambiwa juu yetu, mbele ya ukoo wake mzima, na yeye angerudi kwa sababu ni mtu wa neno lake, lakini angerudi akiwa mtu mwingine. Nikisema hapana, mama yangu angepanda gari akaenda nyumbani, na binti yangu angeanza ndoa bila mkono wa bibi yake. Nilimwona binti yangu kwa mbali, chini ya hema, amekaa wima sana, akitabasamu kwa wapiga picha.

Ni bwana harusi aliyetutoa hapo. Alikuja bado ameshika kile kisu, kwa kusahau nadhani. “Baba,” akasema, na sijui alimwambia nani kati yetu, “kuna mahali hapa chini tulikuwa tunakula nikiwa chuo. Wanachinja na kuchoma hapo hapo.”

Mama yangu alikuwa ametufikia. “Nyama ya kununua,” akasema. “Mbuzi lazima atoke kwao.”

“Mbuzi wangu wako kwa karanga, mama,” baba wa kijana akamjibu kwa upole. Kisha akavaa kofia yake. “Lakini nikienda nimchague mwenyewe akiwa anatembea, nimlipie mwenyewe, nimshike kamba mwenyewe, huyo ni wa nani?”

Mama akamwelekezea fimbo. “Nenda umchague,” akasema. “Kisha nitakuuliza.”

Tulienda watu watatu kwa pikapu yake. Ile ilikuwa bucha ya kawaida ya kando ya barabara ya Njoro: dirisha la nyama mbele, ukumbi wenye meza za mbao na televisheni, choma nyuma, na kando yake boma dogo la mbuzi. Mwenye bucha alikuwa mtu mnene mwenye viatu vya gambuti na koti jeupe lenye madoa. Nilianza kumweleza nikiwa nimechoka kueleza, na nilitarajia kusikia kwamba imeisha. Aliosha mikono kwanza. Kisha akaketi mbele yangu.

“Ni la kulia?”

“La kulia.”

“Na anayekata ni huyu?” Akamtazama bwana harusi. “Umeshawahi kukata?”

“Nimefanya mazoezi na la kondoo.”

“Sawa. Wacha niseme vile nimeelewa. Mzee huyu anachagua mbuzi. Nachinja. Bega la kulia nalitoa likiwa zima, silitii kisu hata kidogo, nalichoma polepole kiungo kisipasuke. Anakata kijana. Ni hivyo?”

“Ni hivyo hasa.”

“Basi kuna mambo mawili siwezi. Siwezi kuharakisha, jua litakuwa limeshuka. Na siwezi kuwafungia mpeleke huko juu. Nikilifunga kwa karatasi litatoa jasho, kiungo kilegee. Mkitaka likatwe vizuri, leteni watu wenu hapa.”

Nilitamani kumshika mkono. Tangu nianze kutafuta mahali pa sherehe, huyo ndiye mtu wa kwanza aliyeniambia hawezi. Nilijua wakati ule ule kwamba yale aliyosema anaweza yatafanyika.

Baba wa kijana alikuwa ameshaingia bomani. Mwenye bucha alimsogezea mbuzi mmoja mkubwa, naye akamrudisha. Akawashika wengine mgongoni na kifuani, mmoja baada ya mwingine, akawafungua midomo, akamtoa dume mweusi mwenye doa kifuani. Akamfunga kamba na kumvuta nje kwa mkono wake.

Niliporudi bustanini kuwaleta watu, wafanyakazi walikuwa wameanza kuvua viti vitambaa vyeupe. Walikuwa wanamwomba mgeni ainuke kidogo, wanavuta kitambaa, anaketi tena. Upande wa pili wa nyasi ngome ya hewa ya watoto ilikuwa inajazwa kwa mashine yenye kelele, kwa ajili ya siku ya kuzaliwa ya mtu mwingine. Meneja alinieleza kwamba muda wetu ulikuwa umekwisha na kwamba alikuwa ametuambia mapema. Hilo kweli alikuwa ametuambia. Wageni wengi tuliwaacha wakila karanga, ambayo niliambiwa baadaye ilikuwa tamu. Wazee wa pande zote, mama yangu, maharusi na wasimamizi wao tukawapanga kwenye magari.

Ukumbi wa bucha ulikuwa umejaa wanafunzi na waendesha bodaboda wakitazama mpira. Mwenye bucha akasimama mbele ya televisheni.

“Wateja wangu, kuna ndoa hapa. Anayetaka kukaa, akae kama mgeni.” Akaizima.

“Boss!” mmoja akalia. “Hata penalti?”

“Hata penalti.”

Wakanung'unika, kisha wakamwona mama yangu akiingia na fimbo, nyuma yake binti yangu katika mavazi yake, na wakaanza kusimama. Kijana mmoja akapangusa kiti kwa jaketi lake. Meza ikafutwa, ikafutwa tena. Harufu ya moshi ilikuwa imetuingia nguo zote, na sketi ya binti yangu ilikuwa na vumbi la barabara hadi magotini. Simu yangu ikalia. Alikuwa meneja wa bustani: tulikuwa tumesahau keki, na je, ningeweza kuwapa nyota ngapi kwenye mtandao, kwa sababu maoni ya wateja yanawasaidia kuboresha huduma. Nilizima simu.

Bega likaletwa juu ya ubao, zima, kahawia, likitoa mafuta. Mwenye bucha aliliweka mezani akarudi nyuma, mikono mgongoni. Bwana harusi akachukua kisu. Akapapasa nyama kwa kidole gumba, akaingiza ncha, akagonga mfupa. Akatoa. Akaingiza tena, akagonga mfupa tena. Baba yake alikuwa ameikunja kofia yake mkononi kama kitambaa. Mama yangu hakupepesa macho. Kila mtu mle ndani aliyewahi kula bega la mbuzi alijua pa kukata, na hakuna aliyeruhusiwa kusema.

“Shuka kidogo,” mwanafunzi mmoja akanong'ona, na wenzake wakamziba mdomo.

Jasho lilimtoka kijana wa watu. Akaweka kisu chini, akaushika mguu wa mbuzi kwa mkono wa kushoto, akauchezesha taratibu juu na chini, akisikiliza kwa vidole mahali unapopindia. Kisha akachukua kisu akakiingiza mara moja tu. Kilipita bila sauti, na bega likaachana.

Sijui ni nani aliyeanza vigelegele, wanawake wetu au wa kwao. Akakata kipande, akampa binti yangu, naye akakila pale pale, akicheka na kulia, mafuta yakimtiririka kidevuni. Kipande kingine akampelekea mama yangu. Mama alikishika bila kukitia mdomoni, akamtazama baba wa kijana.

“Mbuzi alikuwa wa nani?”

“Wangu, mama,” akajibu. “Huyu bwana alitaka kunipa mwingine nikamkatalia. Wangu alikuwa mweusi, na doa hapa.” Akajigusa kifuani.

Mama akakila. Hana meno mengi, na tulimngoja sote, wanafunzi na bodaboda na wazee wa koo mbili, hadi akameza. Kisha akamwita bwana harusi, akamfungua viganja, akavitemea mate kidogo, kama wazee wetu wanavyobariki. Baba wa kijana alipoona hivyo alisogea, akaiweka kofia yake juu ya meza, na akanyoosha mikono yake pia.